Peni 4 za Kitanda: Mauaji ya Whitechapel ya Mwaka 1888

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kunialika tena. Kila ninapokuja kuzungumza juu ya mauaji ya Whitechapel, mtaa wa maskini mashariki ya London, hakosi mtu wa kunivuta pembeni kabla sijafika jukwaani na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mwalimu, aliyeua ni nani hasa?" Leo imetokea pale mlangoni. Jibu langu halijabadilika: hajulikani, na kwa ushahidi uliobaki sidhani kama atajulikana. Mimi nimekuja na swali jingine, ambalo jibu lake lilitolewa chini ya kiapo mwaka ule ule wa 1888 na likachapishwa magazetini, nalo ni hili: wanawake wale waliouawa walikuwa wakitafuta nini barabarani saa 8 za usiku?

Sitarudia kisa chote, kwa kuwa mnakijua. Wanaotajwa kwa kawaida ni wanawake 5, waliouawa kwa kisu mashariki ya London kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba. Faili la polisi lina wanawake 11, kuanzia Aprili 1888 hadi Februari 1891, na ubishi wa nani aingizwe katika hesabu na nani aachwe haujaisha. Ubishi huo nauacha kwa wanaoupenda.

Tuanze na Mary Ann Nichols, ambaye jamaa zake walimwita Polly. Alizaliwa London mwaka 1845, baba yake akiwa fundi wa kufuli na mhunzi. Aliolewa na fundi wa mitambo ya kuchapisha, wakazaa watoto 5, na mwaka 1880 ndoa ikavunjika. Mumewe alimlipa shilingi 5 kwa wiki hadi mwaka 1882, akaacha kwa hoja kwamba mwenendo wa mkewe umeharibika. Tangu hapo Polly aliingia na kutoka katika nyumba za maskini, zile ambamo mtu aliyeishiwa alipewa chakula na pa kulala kwa kufanya kazi ngumu na kuvaa nguo za nyumba. Mwaka 1888 alipata kazi ya utumishi huko Wandsworth, akamwandikia baba yake barua ambayo tunayo hadi leo. Alimweleza kwamba nyumba ni nzuri, ina miti na bustani mbele na nyuma, wenye nyumba ni watu wa dini wasiogusa pombe, na kazi si nyingi. Akauliza kama kijana wake amepata kazi, kisha akamsihi baba amjibu upesi. Mwezi Julai aliondoka katika nyumba hiyo na nguo zisizo zake, zenye thamani ya zaidi ya pauni 3. Sifichi jambo hilo, kwa kuwa sikuja kumfanya mtakatifu.

Sasa sikilizeni usiku wake wa mwisho, kwa kuwa umeandikwa karibu saa kwa saa. Alikuwa akilala mtaa wa Thrawl Street, katika nyumba ya kulala ya bei rahisi, chumba kimoja na wanawake wengine, kitanda peni 4 kwa usiku, yaani theluthi ya shilingi. Malipo yalidaiwa kila usiku, na aliyekosa alitolewa nje hata kama alikuwa amekaa jikoni akiota moto na wenzake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti, saa 7 na dakika 20 hivi, msimamizi alimkuta jikoni, akamdai peni 4, naye hakuwa nazo. Alitoka akicheka. Aliomba kitanda chake kisipewe mtu mwingine, akasema fedha atazipata sasa hivi, na akawaonyesha kofia aliyovaa, akajisifu jinsi ilivyompendeza. Ilikuwa kofia nyeusi ya ukili yenye pindo la mahameli, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kuiona kabla ya usiku huo.

Saa 8 na nusu usiku, kwenye pembe ya Osborn Street na barabara kuu ya Whitechapel, alikutana na Ellen Holland, mwanamke waliyelala naye chumba kimoja. Holland alikuwa amekwenda kutazama moto mkubwa uliokuwa ukiwaka bandarini. Polly alikuwa amelewa, akiyumba na kushika ukuta. Waliongea kwa dakika 7 au 8, na Holland aliikumbuka saa kwa sababu kengele ya kanisa iligonga wakiwa wamesimama pale. Alimsihi warudi nyumbani pamoja. Polly akakataa. Akasema fedha ya kitanda ameipata mara 3 siku hiyo na mara zote ameitumia, basi ataipata tena kisha arudi. Akaelekea mashariki, peke yake.

Saa 9 na dakika 40, mkokotaji wa mizigo aliyekuwa akienda kazini alimwona amelala chini katika kichochoro kiitwacho Buck's Row. Akaja mtu wa pili, naye akiwahi kazini. Walimshika mikono wakaikuta baridi, mmoja akadhani bado anapumua kidogo. Walimfunika miguu kwa gauni lake kwa ajili ya heshima, kisha wakaendelea na safari kwa kuwa walikuwa wanachelewa, na njiani wakamweleza askari waliyemkuta. Watu wengi huwalaumu wanaume wale. Mimi siwezi, kwa kuwa kibarua aliyechelewa alihatarisha kazi yake, na aliyekosa kazi hakuwa mbali na jiko lile la Thrawl Street.

Mfukoni alikuwa na kitana, leso nyeupe na kipande cha kioo kilichovunjika. Mwanzoni hakuna aliyemfahamu. Jina lake kamili lilipatikana hivi: alipovuliwa nguo, kwenye gagulo lake palikutwa muhuri wa nyumba ya maskini ya Lambeth. Muhuri ule uligongwa ili nguo isiibwe. Nawaomba mlitazame gagulo hilo kwa muda, kwa sababu huwa naona watu wakilipita haraka ili wafike kwenye kisu. Polisi walifuata muhuri, wakampata mwanamke aliyewahi kuishi naye Lambeth, naye akamtambua. Nguo iliyotiwa alama ili mali ya nyumba isipotee ndiyo iliyomrudishia marehemu jina lake.

Najua mnalotaka kusema, kwa kuwa nimeshaambiwa katika kila ukumbi: "Lakini mwalimu, fedha ya kitanda aliipata mara 3 akainywa." Ndiyo, aliinywa. Baba yake mwenyewe alieleza chini ya kiapo kwamba binti yake alikunywa. Lakini ulevi haujibu swali langu. Walevi walikuwapo pia katika mitaa ya matajiri, na walilala vitandani mwao. Kilichomtoa Polly nje usiku huo ni sheria ya nyumba, kwamba asiye na peni 4 hatalala ndani. Tena pimeni peni 4 hizo kwa kazi iliyokuwapo. Mwanamke aliyetengeneza masanduku ya viberiti nyumbani kwake alilipwa peni 2 na robo kwa kila masanduku 144, na gundi na uzi ni juu yake. Ili apate kitanda cha usiku mmoja ilimpasa kutengeneza masanduku zaidi ya 250, na hapo hajala.

Wengine huuliza kwa nini hawakwenda kwenye vyumba vya muda vya wasio na makao, vilivyokuwa vya bure. Havikuwa bure. Kwa sheria ya mwaka 1882, aliyeingia hakuruhusiwa kutoka hadi saa 3 asubuhi ya siku ya pili baada ya kupokewa, na katikati alifanyizwa kazi. Wanaume walivunja mawe. Wengine walichambua kamba kuukuu za meli, zilizokakamaa kwa lami, hadi ziwe nyuzi za kukalafatia vyombo, kazi iliyochubua vidole. Aliyefungiwa siku nzima hakuweza kutafuta kibarua siku hiyo, kwa hiyo alitoka vilevile alivyoingia, mikono mitupu.

Annie Chapman, wa pili kati ya wale 5, yeye alikuwa mgonjwa. Daktari aliyemchunguza alikuta mapafu yake na utando wa ubongo vimeharibika kwa maradhi ya muda mrefu. Mumewe waliyeachana alikuwa akimpelekea shilingi 10 kwa wiki, zikakoma alipofariki siku ya Krismasi mwaka 1886. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Septemba alikuwa jikoni katika nyumba ya kulala ya Dorset Street, akila kiazi, akiwa na vidonge vyake alivyovifunga katika kipande cha bahasha. Msimamizi akamtoa saa 7 na dakika 45 hivi kwa kukosa malipo. Alisema kitanda chake kisipangishwe, hatachelewa. Alfajiri alikutwa uani mwa nyumba namba 29, Hanbury Street, nyumba waliyokuwa wakilala watu 17.

Na kwa Catherine Eddowes, au Kate, naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ushahidi wenyewe unazungumza kuliko mimi. Yeye na John Kelly, mwanamume aliyeishi naye, walikuwa wamerudi kwa miguu kutoka kuchuma hopu, maua ya kutengenezea bia, huko Kent, na msimu haukuwapa kitu. Siku ya Ijumaa, tarehe 28 Septemba, John alipata peni 6. Akamwambia Kate achukue peni 4 alale kitandani, yeye aende kwenye chumba cha muda cha wasio na makao Mile End. Kate akakataa. Akamwambia, wewe ndiye uende ukalale kitandani, mimi nitakwenda huko. Kesho yake waliweka rehani viatu vya John kwa shilingi 2 na nusu, yeye akisimama mlangoni pa duka miguu mitupu, wakanunua chai, sukari na chakula. Jioni Kate alikamatwa kwa ulevi, akawekwa mahabusu Bishopsgate, akafunguliwa saa 7 za usiku. Saa 8 kasoro robo askari alikuta mwili wake Mitre Square. Hebu liwazeni hilo: usiku huo seli ya polisi ndiyo iliyokuwa kitanda chake cha salama, na walimtoa kwa sababu tu ulevi ulikuwa umempungua. Karibu na mwili palikutwa kikopo cha haradali chenye stakabadhi za rehani. John alisoma habari ya stakabadhi hizo gazetini, akaenda mwenyewe polisi.

Vitu vyake vyote viliorodheshwa na polisi, hadi vikopo vya chai na sukari. Naitaja orodha hiyo kwa sababu miaka ya karibuni umetangazwa ushahidi wa vinasaba kutoka kwenye shali inayodaiwa kuokotwa penye mwili wake, na nimeletewa habari hiyo na watu wengi wakiamini mambo yamekwisha. Shali hiyo haimo katika orodha. Vinasaba vilivyotajwa ni vile vinavyorithiwa kwa upande wa mama, ambavyo watu wengi wasio na uhusiano wa karibu wanaweza kuwa navyo kwa pamoja. Siwezi kumtia mtu hatiani kwa kitambaa kisichojulikana kilikuwa wapi kwa zaidi ya miaka 100, na ninyi msikubali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi jina la Jack the Ripper nitalisema kwa ufupi: lilitoka katika barua iliyofika kwenye shirika la habari tarehe 27 Septemba, na wakuu wa polisi wenyewe baadaye waliamini kwamba mwandishi wake ni mtu wa magazeti. Sioni sababu ya kumpa mwuaji cheo alichotungiwa na wauza magazeti, na ndiyo maana hamjanisikia nikilitumia. Maandishi ya chaki yaliyokutwa ukutani Goulston Street usiku aliouawa Eddowes, na amri ya Sir Charles Warren, kamishna wa polisi wa London, ya kuyafuta kabla hayajapigwa picha, nayaacha kwa siku nyingine.

Elizabeth Stride, mzaliwa wa Sweden, haingii sawasawa katika hoja yangu, na ni haki niseme hivyo. Siku ya Jumamosi, kabla ya kuuawa usiku wa kuamkia Jumapili, alikuwa amelipwa peni 6 kwa kusafisha vyumba katika nyumba aliyolala. Sijui kwa nini hakurudi kulala.

Mary Jane Kelly naye aliuawa ndani, chumbani kwake Miller's Court, tarehe 9 Novemba. Huwa naambiwa kwamba hapo hoja ya kitanda inavunjika. Kodi ya chumba kile ilikuwa shilingi 4 na peni 6 kwa wiki, na deni lake lilikuwa limefika shilingi 29. Saa 5 kasorobo asubuhi mwenye nyumba alimtuma Thomas Bowyer akadai kodi. Bowyer alibisha mlango, akabisha tena. Kisha akazunguka kwenye dirisha lenye kioo kilichovunjika, akaingiza mkono, akasogeza pazia.

Nipo tayari kwa maswali.