Chikungunya hufuata maji tunayoweka nyumbani

Wahudumu wenzangu wa afya ya jamii, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, nami naanzia kisiwa cha Lamu, mwaka 2004. Mwaka ule hapakuwa na mafuriko. Kulikuwa na ukame. Watu waliweka maji majumbani, na vyombo vingi havikufunikwa vizuri. Inakadiriwa wakazi 13,500 hivi waliambukizwa, yaani robo tatu ya watu wa kisiwa. Virusi vikaingia Mombasa, vikavuka hadi Komoro mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya watu waliugua, halafu India.

Nautaja ukame kwa sababu sisi wa Nairobi twaujua mgao wa maji. Ploti ambayo bomba hutoka mara mbili kwa wiki haikosi madramu. Na mbu wa Aedes anayeeneza virusi hivi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hupenda maji hayo hayo masafi. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Dramu likikauka, mayai yaweza kukaa miezi yakingoja. Likijazwa tena, yanaanguliwa. Kwa hivyo usimwage tu. Chukua brashi usugue kuta za ndani kila wiki, kisha ufunike pasibaki mwanya. Tena mbu huyu huuma mchana: neti ya usiku haitoshi, ingawa mtoto anayelala mchana alale ndani yake.

Homa huja ghafla, mara nyingi siku 3 hadi 7 baada ya kuumwa. Viungo vinafura, mtu anashindwa hata kufungua kifuniko cha chupa. Wanaokufa ni wachache, ndiyo maana ugonjwa huu hupuuzwa, na jambo hilo linaniuma sana. Maumivu yaweza kudumu miezi, kwa wengine miaka. Mfikirieni mama fua: vidole visipokunjika, watoto watakula nini?

Dawa ya kuua virusi hivi hakuna. Mgonjwa apumzike, anywe maji kwa wingi, apewe parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni zisubiri hadi ijulikane si dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu, maana zaweza kuzidisha kutokwa na damu. Aliyepimwa malaria akakutwa hana, mwulizeni alikuwa wapi majuzi, na kama viungo vinamuuma. Na mjamzito aliyekaribia kujifungua akishikwa na homa, mfikisheni hospitalini siku hiyo hiyo. Mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa, na wachanga huugua vibaya.