Mtoto Anayelisha Nyumba: Mazungumzo na Wazazi wa Wasanii Wadogo, Bagamoyo

Wazazi wangu shikamooni, walimu, na nyinyi wanafunzi mlioacha mazoezi ya ngoma mkaja kukaa hapa, asanteni.

Nitazungumzia kitabu ambacho jina lake tu litawakera. Jennette McCurdy, Mmarekani aliyepata umaarufu tangu 2007 kwa tamthilia ya watoto iitwayo iCarly, alitoa kumbukumbu zake 2022 akaziita, kwa lugha yetu, Nafurahi Mama Yangu Amekufa. Kwetu mtu akitamka hivyo tunamwombea, maana radhi ya mama haichezewi. Naomba mnivumilie, kwani mtoto niliyemkuta mle ndani anampenda mama yake kupita kiasi.

Mama aliugua saratani binti akiwa mdogo mno kuelewa. Siku yake ya kuzaliwa, akizima mishumaa, alichoomba ni mama aishi mwaka mwingine. Uigizaji ulikuwa ndoto ya mama. Binti alianza akiwa na miaka 6, na kipato chake kikawa tegemeo la nyumba. Alipofika 11 akaona kifua kinaanza kuota, akaogopa kukua. Mama akamfundisha kujinyima chakula. Wakawa wanahesabu pamoja kila anachokula, mama anampima uzito, anampima na mapaja. Yeye aliona huko ndiko kupendwa. Mama alifariki 2013, lakini ugonjwa wa kula ukabaki kwa binti: sasa anakula kupindukia, kisha anajitapisha. Mtaalamu wa kwanza wa afya ya akili alipomwambia kwamba yale malezi yalikuwa unyanyasaji, binti alimkimbia.

Hapo ndipo paliponiuma. Mtoto anayelisha nyumba atasemaje hataki? Akikataa, kodi italipwa na nani, na ada ya mdogo wake? Mji wetu una chuo cha sanaa tangu 1981, na watoto wenye vipaji tunao. Mara nyingi nasikia, "Mwanangu mwenyewe anapenda." Huenda ni kweli. Lakini ameshaulizwa na mtu asiyekula katika pesa hiyo?

Huko Marekani, Jackie Coogan, aliyeigiza akiwa mtoto na mchekeshaji Charlie Chaplin katika filamu ya mwaka 1921, alikua akakuta mama na baba wa kambo wametumia karibu pesa zake zote. Alikwenda mahakamani 1938, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria. Leo 15% ya malipo ya mtoto huwekwa kwenye akaunti ambayo mzazi haigusi. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inataka aajiriwe si chini ya miaka 14, na inakataza kazi inayomnyima afya au shule. Basi mzazi, hata kabla hujashurutishwa, tenga fungu lake, na shangazi au mjomba asiyefaidika awe anamuuliza mtoto kama bado anataka kuendelea.

Nanyi walimu, mkimwona binti amekonda ghafla na kila siku chakula cha mchana anasema ameshiba, msimsifu kwa wepesi wake jukwaani. Mwiteni pembeni, mkae naye, na mumfikishe hospitali mapema.