Toka Lubumbashi Mpaka Cape Cross: Namna ya Kutazama Sili

Jambo bandugu na badada wa Lubumbashi! Barabara hii madereva wetu wa malori wanaijua vizuri: Kasumbalesa, Lusaka, Katima Mulilo, hadi bandari ya Walvis Bay, Namibia. Ukifika huko, usigeuze gari kabla ya kuona sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya na mapezi. Panda kaskazini, pita Swakopmund, halafu kama kilomita 120 mbele uko Cape Cross. Mreno Diogo Cão, yule aliyefika mdomo wa mto wetu Kongo mwaka 1482, ndiye aliyesimamisha msalaba wa mawe hapa miaka michache baadaye.

Kwanza, chagua mwezi. Njoo mwisho wa Novemba au Desemba, vitoto vinapozaliwa. Kwetu mvua na joto, lakini hapa mkondo wa bahari wa Benguela unaleta baridi na ukungu. Vaa koti.

Harufu ni kali kuliko samaki wakavu wa soko la mtaa wetu wa Kenya saa sita mchana. Funga kitambaa puani, vumilia, pua itazoea.

Sasa nisikilizeni sana. Tembea polepole juu ya njia ya mbao, usishuke, usipige makelele. Sili wa hapa wanatembea kwa mapezi yote manne, na dume mmoja anaweza kuzidi kilo 200. Wakishtuka, kundi zima linakimbilia majini na vitoto vinakanyagwa. Kwa hiyo angalia shingo zao. Zikinyooka zote pamoja, simama papo hapo, usisogee hata hatua. Wakilaza vichwa tena, endelea.

Halafu chagua mama mmoja tu, umfuate kwa macho. Mtazameni huyu: ametoka baharini, maji yanamchuruzika, anaita kwa sauti kama ya kondoo. Kitoto cheusi kinakuja mbio. Anakinusa. Si chake, anakisukuma. Anaita tena. Kingine kinaitika kutoka nyuma ya mwamba, kinapenya katikati ya wakubwa, pua kwa pua... ndicho chenyewe! Analala ubavu, kinanyonya. Kati ya maelfu haya yote, wamejuana kwa sauti na harufu.

Ukikuta kitoto peke yake kinalia, roho itakuuma, najua. Usikiguse. Mama anaweza kukaa baharini siku kadhaa akitafuta samaki. Akirudi ataita, na lazima akikute pale alipokiacha.