Husikika Kabla Haijaonekana

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja kusikiliza habari za kutazama treni. Naanzia Ribblehead, kaskazini mwa Uingereza. Asubuhi moja nilisimama hapo kwenye manyunyu kwa muda wa saa tatu nzima nikingoja treni ya kubeba mawe.

Njia ni ile ya reli ya Settle hadi Carlisle. Mizigo ndiyo iliyotangulia kupita, mwaka 1875. Abiria wakafuata 1876. Wageni wengi hupiga picha ya daraja lenye matao 24, kisha wakaondoka. Nawasihi mkae. Kutoka Settle reli inapanda zaidi ya kilomita 20, na kwa sehemu kubwa kila mita 100 ni mita 1 ya kwenda juu. Kwa mtembea kwa miguu mwinuko huo si kitu. Lakini fungia kichwa cha treni mabehewa ya mawe yenye uzito wa zaidi ya tani elfu, reli iwe imelowa, magurudumu yaanze kuteleza na mchanga upulizwe mbele ya magurudumu ili yashike reli, hapo utaelewa kwa nini tunatega sikio kwanza.

Mtakachokiona zaidi ni kichwa cha aina ya 66, kilichoundwa Kanada na kuanza kuingia Uingereza mwaka 1998: nguvu za farasi 3,300, silinda 12. Wapenda treni wenye kamera hukiita “banda”, kwa sura ya paa lake. Mawe ya machimbo ya Arcow, kando ya njia hii hii, yana jambo la kupendeza: reli ya machimbo imeunganishwa kuelekea kaskazini, basi hata mzigo wa kwenda kusini hupanda kwanza hadi Blea Moor, kaskazini kidogo ya Ribblehead. Pale kichwa hufunguliwa, huzunguka na kufungwa upande wa pili. Ukisimama mahali pazuri unaipata treni moja mara mbili: inapanda ikihema, inashuka ikijizuia.

Lakini mimi nilivutwa na sauti nyingine. Nimekulia Voi, nyumba za reli, na usiku tulijua treni ya Mombasa kwa mngurumo wake tu. Miaka mingi baadaye, pale Ribblehead, kilipita kichwa kizee cha aina ya 37, ambacho siku hizi huonekana kwa nadra. Nilisisimka kabla sijakiona. Ule ulikuwa mngurumo wa Voi! Nilipochunguza nikakuta sababu: kiwanda cha Vulcan Foundry, mjini Newton-le-Willows, kiliunda aina ya 37 kwa ajili ya Uingereza, na tangu 1960 kikaunda pia vichwa vya dizeli vya Reli za Afrika Mashariki. Kampuni iliyomiliki kiwanda ni ile ile, English Electric, na ukoo wa injini ni ule ule.

Siku ile namba ya kichwa niliiandika baadaye. Kwanza nilisikiliza, mpaka handaki la Blea Moor lilipoumeza mngurumo wote.