Marafiki Wanne, Jumamosi Moja: mhadhara kwa waandishi wa tamthilia, Mbeya

Karibuni. Naona wengine bado mmekumbatia vikombe vya chai, na kwa baridi hii ya Juni siwalaumu. Tuanze.

Skripti nyingi za vijana wasomi hufunguka hivi: marafiki wanne, sebule moja, sofa mpya, kila mtu na cheo chake. Daktari, mwanasheria, wa benki, na yule wa nne anayeitwa tu mfanyabiashara. Halafu kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya 13 hakuna anayekwenda kazini. Wanakaa, wanalia, wanasalitiana. Mama anayefunga kibanda chake Mwanjelwa saa mbili usiku, akiwasha televisheni, anajiuliza hawa watu wanakula nini.

Kwa hiyo kabla hujawapa wahusika majina, wape ratiba. Chora siku 7 kwenye karatasi, kila mhusika na karatasi yake, uandike yuko wapi saa kwa saa. Daktari aliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo ana zamu za usiku, na mchana wake ni wa kulala. Mtu wa kaunta benki haondoki mlango unapofungwa kwa wateja. Anaondoka fedha ya drooni ikilingana na vitabu, na ikipungua hata elfu hamsini, hapo ni kuhesabu upya noti kwa noti. Anayenunua parachichi za aina ya Hass kule Rungwe au Njombe maisha yake yameshikwa na lori. Tunda linakatwa kwa mkasi likiwa na kikonyo, haliangushwi chini, na linaanza kuiva baada ya kuchumwa, si mtini. Lori la ubaridi likichelewa Jumamosi, yeye anabaki shambani hata kama mjini rafiki yake anavalishwa pete.

Sasa zipange karatasi hizo moja juu ya nyingine. Saa ambazo wote wanne wako huru zitakuwa chache, pengine Jumapili alasiri tu. Sini za pamoja ziwekeni hapo. Kwingine kote andikeni simu isiyopokelewa, ujumbe uliosomwa usijibiwe, kiti kitupu. Tamthilia za namna hii hubebwa na nani hakufika na kwa nini, na mwandishi asiyejua saa za kazi za wahusika wake hulazimika kukimbilia mchepuko kila sehemu ili kitu kitokee.

Tuchukue sini moja tuitazame kwa karibu: kikao cha kamati ya harusi. Hapa kwetu urafiki, kazi na ndoa hukutana mezani kwa mhazini kuliko mahali pengine popote. Rasimu mbovu humpa bibi harusi mtarajiwa hotuba: "Nyinyi hamnithamini tena, tangu mpate vyeo mmebadilika." Mwigizaji atalia vizuri na hakuna atakayeamini. Andika hivi:

"Dada wa benki, ahadi laki tatu. Tumepokea hamsini."
"Nitamalizia mwisho wa mwezi."
"Mwisho wa mwezi harusi imeshapita."

Kisha kimya, na mwenyekiti anasoma jina linalofuata. Mistari mitatu. Tumejua kwamba anayehesabu mamilioni ya watu kutwa nzima hana laki mbili na nusu zake mwenyewe, na hakuna aliyetamka. Mkopo wake tutauona sehemu ya tano, kwenye hati ya mshahara.

Makosa ya sheria ndiyo yanayoudhi kuliko yote, maana kurekebisha ni kusoma tu. Mume anatupa "karatasi za talaka" mezani, mke anasaini, ndoa imekwisha: hiyo imetoka kwenye filamu za watu. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mgogoro hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa ndipo uende mahakamani, na ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila kibali cha mahakama. Kikao cha baraza ni sini bora mara kumi kuliko karatasi mezani, kwani wote wawili wanalazimika kueleza mbele ya watu. Sheria hiyohiyo inataka tangazo la siku 21 kabla ya ndoa. Siku 21 ambazo yeyote anaweza kuleta pingamizi! Mwandishi unataka saa gani nyingine igonge nyuma ya hadithi yako?

Kazini vilevile. Bosi anapaza sauti, "Umefukuzwa!", muziki unapanda. Mwajiriwa anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mpeni rafiki anayemwambia hilo siku ya 29.

Upande wa kurekodi nitapita haraka. Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja. Sehemu 13 za dakika 24 ni kurasa 312. Kikundi cha kamera moja kikimaliza kurasa 6 kwa siku, hizo ni siku 52. Ndiyo maana sini zote za sebule hurekodiwa pamoja, na waigizaji wataachana Jumanne kisha wafahamiane Jumatano. Kinachoharibika hapo ni misuko na pete. Mpige picha kila mhusika mbele, nyuma na pande zote mbili kabla hajatoka seti, na pete ya ndoa iwe na mtu mmoja wa kuitunza, asiyeshughulikia vitu vingine vidogo vya seti.

Sini za ndani zipangieni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mvua ikipiga bati hakuna maiki itakayookoa mazungumzo. Nyumba iliyo karibu na barabara kuu ya Tunduma ikataeni hata kama kodi ni ya bure, kwa sababu ya malori. Na majaketi ya nailoni, ambayo huku kila mtu anavaa, hukwaruza maiki ya kifuani; vaeni sweta.

Mkimaliza kila chumba, wote wanyamaze mrekodi dakika nzima ya sauti ya chumba kitupu, mhariri ataihitaji kuunganishia. Jokofu huwa limezimwa wakati huo lisivume. Msimamizi wa sauti aweke funguo za gari lake ndani ya jokofu hilo kabla ya kulizima, asije akaondoka bila kuliwasha tena, nyama ya wenye nyumba ikaoza.