Ndoa ya Bomani Ughaibuni: Mazungumzo na Waswahili wa Hamburg

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nieleze namna ya kufunga ndoa ya serikali katika nchi hii ya Ujerumani. Nitaeleza, ila naomba nianze na neno ambalo Watanzania wote humu wanalijua: bomani. Kwetu mtu asipofunga ndoa msikitini wala kanisani, tunasema kafunga bomani, yaani kwenye ofisi ya serikali, na mara nyingi tunalisema kwa sauti ya chini, kana kwamba maharusi wamekosa kitu. Maboma yale, kama lile la Bagamoyo, yalijengwa na Wajerumani wakati wanatutawala. Na wakati huo wanayajenga, huku kwao tayari ilikuwa sheria kwamba ndoa ni ya bomani. Tangu tarehe 1 Januari 1876 hakuna ndoa inayohesabika Ujerumani ila iliyofungwa mbele ya msajili wa serikali, ofisi tunayoiita Standesamt. Mpaka mwisho wa mwaka 2008 hata padri alikatazwa kuwabariki watu ambao hawajapita kwanza kwa msajili.

Mwaka 2009 katazo hilo liliondolewa, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Siku hizi mnaweza kuoana kwa nikahi au kubarikiwa kanisani bila kukanyaga Standesamt, mkapika pilau, mkapiga picha, mkaishi miaka kumi mkiitana mume na mke. Mbele ya Mungu sina la kusema, hilo si langu. Lakini mbele ya sheria ya hapa ninyi ni wapangaji wawili wa nyumba moja. Mimi kazi yangu ni ukalimani. Nimekaa ofisini na mama mmoja, siku arobaini baada ya maiti ya mumewe kusafirishwa, nikamtafsiria sentensi ya ofisa kwamba pensheni ya mjane hana, na urithi hana, kwa kuwa hakuna wosia na hakuna cheti cha ndoa. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, umemwambia kwamba nilikuwa mkewe?" Nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia tena.

Kwa sababu ya mama yule ndiyo maana nimekubali kusimama hapa. Basi tuingie kwenye karatasi.

Jambo la kwanza kabisa si ukumbi wala gauni. Nendeni wote wawili Standesamt ya mtaa anaoishi mmoja wenu, mkaombe orodha ya hati zinazotakiwa kwa ajili yenu ninyi, kwa majina yenu na nchi zenu. Orodha ya rafiki yako aliyeolewa mwaka juzi haikufai. Mkenya na Mtanzania hawatakiwi vitu vilevile, na aliyewahi kuoa hatakiwi vile anavyotakiwa kijana ambaye hajaoa. Kwa kawaida mtaulizwa pasipoti, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa makazi, na cheti cha serikali yako kwamba huna pingamizi la kuoa au kuolewa. Kwa Tanzania mlango wa kugonga ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa Kenya ni msajili wa ndoa. Asiyeweza kukipata cheti hicho kwa sura wanayoitaka Wajerumani, faili lake hupelekwa kwa rais wa mahakama ya juu ya jimbo ili aondolewe sharti hilo. Ruhusa hiyo inadumu miezi sita. Ikipita bila ndoa, mnaanza upya.

Sasa tuje kwenye majina, na hapa nawaomba mnivumilie, maana ndipo wengi wanapokwama. Mjerumani ana jina lake na jina la ukoo, basi. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Tuseme msichana anaitwa Asha Juma Hamisi. Kwenye pasipoti Hamisi limekuwa jina la ukoo. Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Asha peke yake, na baba yake ni Juma Khamis, kwa herufi za K na H na bila i ya mwisho. Kwenye cheti cha shule ni Asha Juma. Kwetu hakuna mtu atakayeuliza, kila mmoja anajua ni Asha yuleyule. Msajili wa hapa anaona watu watatu. Simlaumu, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayeweka sahihi ndiye anayesema kuwa ndiye. Kwa hiyo linganisheni hati zenu herufi kwa herufi kabla ya kuzipeleka kokote, na lililopishana lirekebishwe nyumbani, au liandikiwe hati ya kiapo, kabla halijatafsiriwa. Tafsiri nayo ifanywe na mfasiri aliyeapishwa. Makosa yakishaingia kwenye tafsiri yenye muhuri, yanasafiri na wewe hadi kwenye vyeti vya watoto wako.

Ndugu zangu wa Kenya, Uganda na Kongo, kwenu kuna kazi ya ziada. Ujerumani haiidhinishi hati za nchi hizo kwa muhuri tu. Ubalozi wa Ujerumani huziangalia upya, na mara nyingi mtu hutumwa hadi kwenye daftari la uzazi, shuleni, hata nyumbani kwa wazazi kuuliza. Huchukua miezi, na gharama ni yenu. Waambieni wazee mapema. Nimeshuhudia mambo yakiharibika kwa sababu bibi alimwona mgeni mwenye faili akadhani binti yake kafanya kosa, akakana kumjua.

Na aliyeachika? Talaka iliyoandikwa na mume kwenye karatasi haitoshi hapa, wala haitoshi kwa sheria ya Tanzania Bara yenyewe: inatakiwa hukumu ya mahakama. Hukumu hiyo nayo lazima itambuliwe na mamlaka za Ujerumani kwanza. Mwenye mke mwingine nyumbani asijaribu kabisa. Sheria ya hapa inaliita kosa la jinai.

Naona mikono imeanza kuinuka, najua swali: vipi kwenda kuoana Denmark badala ya hapa?

Denmark ni njia halali, na wengi wamepita. Tangu mwaka 2019 maombi ya wageni yote hupitia ofisi moja ya serikali, Familieretshuset, kwa intaneti. Wakiridhika wanatoa cheti kinachodumu miezi minne, na kwa cheti hicho mnachagua mji: Tønder karibu na mpaka, kisiwa cha Ærø, au Copenhagen kwenyewe, ndani ya jumba la jiji alilolisanifu Martin Nyrop na kukamilika mwaka 1905, la matofali mekundu na mnara unaopita mita mia moja. Mashahidi wawili wanahitajika, na msipokuwa nao ulizeni mapema, halmashauri nyingi huwasaidia wageni. Ndoa inafungwa kwa Kidenishi au Kiingereza, na cheti hutolewa kwa lugha kadhaa, Kijerumani ikiwamo. Maombi mnaweza kuyajaza wenyewe. Wapo mawakala wanaotoza fedha nyingi kwa fomu hiyohiyo, na kama mnakisoma Kiingereza vizuri hamwahitaji.

Lakini nisikilizeni hapa. Lazima kila mmoja awe na haki halali ya kuingia Denmark. Na cheti cha Denmark kinakupa mume au mke, hakikupi kibali cha kuishi Ujerumani. Aliyekuja kwa viza ya matembezi akaolewa Tønder anaweza kuambiwa arudi Dar es Salaam au Nairobi aombe viza ya kuungana na mwenzi wake, na kwa viza hiyo kwa kawaida huulizwa Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa. Nimekutana na maharusi waliodhani ndoa ndiyo mwisho wa safari, wakatengana mwaka mzima. Ulizeni idara ya wageni kwanza, kisha ndipo mkate tiketi.

Siku yenyewe ni fupi, dakika ishirini au thelathini. Ukitaka kuona mahali pazuri nenda Altona, humu humu Hamburg. Jumba lao la manispaa, lile jeupe, lilianza kama stesheni ya treni mwaka 1844, likageuzwa kuwa jumba la mji mwaka 1898, na mpaka leo watu wanafungia ndoa mle. Ulizeni chumba kina viti vingapi, maana sisi tukisema familia tu tunamaanisha watu sitini. Mashahidi hapa Ujerumani si lazima tangu mwaka 1998, lakini mnaweza kuwaleta mmoja au wawili, na mimi nawashauri muwalete: mjomba au shangazi akiweka sahihi yake pale, ukoo umehudhuria. Ofisi nyingi zimekataza kurusha mchele. Vigelegele sijaona pakiandikwa kwamba vimekatazwa.

Kama mmoja wenu hakielewi Kijerumani vizuri, mkalimani ni lazima, na usimlete dada yako. Msajili anauliza kila mmoja peke yake kama anataka kuoana na huyu, kwa hiari yake. Jibu ni ndiyo, kwa sauti, huku mwenzako yuko hapo hapo. Hakuna walii wala mshenga wa kukusemea. Mimi nimelitafsiri swali hilo mara nyingi sana na bado koo hunikauka, kwa sababu wako wanawake ambao katika maisha yao yote hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu wa serikali kuwauliza wanataka nini, na kungoja jibu.

Kuhusu jina baada ya ndoa: tangu tarehe 1 Mei 2025 wote wawili wanaweza kuchukua jina la ukoo lenye sehemu mbili, la mume na la mke. Lijadilini nyumbani kwa utulivu, msilifikirie mkiwa mbele ya meza ya msajili.

Mkishatoka pale, ombeni nakala tatu au nne za cheti, na moja iwe ile ya kimataifa yenye lugha nyingi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 na ile ya Kenya ya mwaka 2014 zote zinaitambua ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata sheria ya nchi husika, masharti yakiwa yametimia. Lakini kutambuliwa ni jambo moja na kuonekana kwenye daftari ni jingine. Mkienda likizo pelekeni nakala iliyothibitishwa mkaisajili, kabla hamjaanza kuulizana juu ya kiwanja cha Kigamboni kimeandikwa kwa jina la nani.

Nikahi au misa, na sherehe, zifuate baada ya hapo, kwa ngoma zote mnazozitaka.

Ukumbi tumepewa mpaka saa nne usiku. Mwenye hati zake hapa azilete kwenye meza ile ya pembeni, tuzilinganishe majina pamoja. Anayeogopa kuulizia talaka mbele ya watu aningoje mlangoni, nitatoka wa mwisho.