Msimbo Wako Ndani ya Mchakato wa Seva: Mhadhara kuhusu Funksheni Zinazopakiwa kwenye Hifadhidata

Ndugu zangu, nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nitaanza na majina matatu: Ramadhani, Ramazani, Lamadhani. Kila aliyewahi kushika daftari la wagonjwa au la wanafunzi anajua kwamba huyo anaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikishwa na makarani watatu. Sasa mtafuteni kwenye hifadhidata.

Seva nyingi za hifadhidata, yaani programu zinazotunza data na kujibu maswali juu yake, zina funksheni iitwayo Soundex, mbinu iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Hubakiza herufi ya kwanza ya jina, huziacha irabu, kisha konsonanti zinazofanana kwa sauti huzipa tarakimu moja. Ramadhani inatoka R535. Ramazani inatoka R525, kwa sababu d na z ziko katika makundi tofauti. Lamadhani inatoka L535, maana herufi ya kwanza haiguswi. Mtu mmoja, misimbo mitatu. Mbinu hiyo ilitungwa kwa majina ya Kizungu na masikio ya Kizungu. Haijui kwamba lugha zetu nyingi za Kibantu hazitenganishi r na l, wala haijui habari ya dh na z.

Kwa hiyo tunataka funksheni yetu wenyewe, tuiite sauti_jina. Na tunataka ifanye kazi ndani ya seva, ili mtu aandike tu, kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, WHERE sauti_jina(jina) = sauti_jina('Lamadhani'). Kuihesabu nje, kwenye programu ya mteja, kunamaanisha kuvuta rekodi zote kupitia mtandao ili uchague chache tu, na hilo kwenye jedwali kubwa halivumiliki.

Wazo la kumruhusu mtumiaji aiongezee seva funksheni zake si geni. Mradi wa POSTGRES, ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, uliliweka kwenye msingi wa usanifu wake: hatuwezi kukisia kila aina ya data ambayo watu watahitaji, basi tuwape njia ya kuziongeza wenyewe bila kuikompaila seva upya, yaani bila kuutafsiri tena msimbo wake wote kuwa programu. Wanaochora ramani kwa PostGIS, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2001, wanakula matunda ya uamuzi huo kila siku. PostGIS ni maktaba inayopakiwa kwenye PostgreSQL, seva iliyotokana na mradi huo. Hata Soundex yenyewe, kwenye PostgreSQL, imo katika kiendelezi cha fuzzystrmatch, nacho kinapakiwa vivyo hivyo.

Kupakia kwenyewe kunakwendaje? Unaandika msimbo kwa lugha ya C, unaukompaila uwe maktaba shirikishi, yaani faili la .so kwenye Linux au .dll kwenye Windows. Unaliweka faili hilo katika saraka ambayo seva inaikubali. Kisha unaiambia seva kwa SQL. Kwenye MySQL, seva nyingine ya hifadhidata, ni hivi:

CREATE FUNCTION sauti_jina RETURNS STRING SONAME 'sautijina.so';

Seva inaomba mfumo endeshi ulifungue faili kwa dlopen, inatafuta anwani ya alama (jina la funksheni ndani ya faili) iitwayo sauti_jina kwa dlsym, na inaandika habari hiyo katika jedwali la mfumo, mysql.func, ili hata ikizimwa na kuwashwa tena iipakie yenyewe. Basi. Hakuna lango wala mlinzi katikati. Kuanzia hapo msimbo wako unaishi katika mchakato uleule wa seva, unasoma kumbukumbu ileile, na una ruhusa zilezile za kugusa faili. Hili ndilo ninaloomba mlishike jioni hii, maana yote nitakayosema baada ya hapa yanatokana nalo: ukishapakiwa, umekuwa sehemu ya seva.

Tazameni matokeo ya kwanza. Kwenye MySQL, seva nzima ni mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi, yaani njia za kazi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) moja ikielekea pasipo pake ndani ya sauti_jina, seva inaanguka na kila aliyeunganishwa anakatika. Mwingine atasema PostgreSQL ni salama zaidi kwa kuwa kila muunganisho una mchakato wake. Ni kweli kila mmoja una wake, lakini michakato hiyo inashirikiana kumbukumbu moja. Mmoja ukifa vibaya, mchakato mkuu hauwezi kujua kama kumbukumbu hiyo imeharibiwa, hivyo unaifunga michakato mingine yote na kuanza urejeshaji. Kwa mtumiaji aliye katikati ya malipo, tofauti ni ndogo sana.

Kwa sababu hiyo ni lazima kuujua mkataba kati yako na seva vizuri. Kwenye MySQL huandiki funksheni moja, unaandika tatu. sauti_jina_init huitwa mara moja mwanzoni mwa sentensi ya SQL: hapo ndipo unapokagua idadi na aina za hoja, unapotenga kumbukumbu, na unapokataa kwa ujumbe wa kosa kama mtu ameleta hoja mbili badala ya moja. sauti_jina huitwa kwa kila rekodi. sauti_jina_deinit huitwa mwishoni, kurudisha ulichokitenga. Matokeo ya maandishi unapewa bafa, yaani nafasi ya kuandikia, ya baiti 255. Ukihitaji zaidi, tenga mwenyewe kwenye init na uhifadhi pointa katika muundo unaopewa.

Kwenye mkataba huo kuna mitego miwili inayowanasa hata wazoefu wa C. Maandishi unayopokea hayana sifuri ya kuonyesha mwisho wake. Urefu wake unapewa kando, na anayekimbilia strlen, inayotafuta sifuri hiyo, anasoma kumbukumbu isiyo yake. Mtego wa pili ni vigeu vya jumla, yaani vile vinavyoshirikiwa na nyuzi zote. Watu wawili wakituma maswali kwa wakati mmoja, nyuzi mbili zinapita ndani ya msimbo wako pamoja. Mkiandika katika kigeu kimoja, mgonjwa wa huyu atapata msimbo wa mgonjwa wa yule. Kosa hilo halionekani wakati wa majaribio ya mtu mmoja mezani. Linaonekana siku ya kazi, na linaonekana kama data mbovu, si kama hitilafu ya programu. NULL, yaani alama ya thamani isiyokuwepo, nayo ipokeeni kwa mikono miwili, maana kwenye daftari halisi majina yanakosekana.

PostgreSQL ina mkataba wake. Kumbukumbu unaomba kwa palloc, funksheni ya seva yenyewe, ili seva iweze kuifuta yenyewe sentensi ikishindikana njiani. Ukiitangaza funksheni kuwa STRICT, hoja ya NULL haikufikii kabisa. Na tangu toleo la 8.2, mwaka 2006, kila maktaba lazima iwe na alama ya PG_MODULE_MAGIC. Seva inaitazama kabla ya kuita chochote, na ikiona maktaba ilikompailiwa kwa toleo kuu jingine, inaikataa kwa ujumbe wazi. Naipenda sana kanuni hiyo. Kukataliwa mlangoni ni afadhali mara mia kuliko kuporomoka usiku wa manane.

Sasa faharasa, yaani orodha inayoharakisha utafutaji, na hapa naomba tutulie kidogo. Swali letu la Lamadhani litakuwa la haraka iwapo tu kuna faharasa juu ya sauti_jina(jina). PostgreSQL itakuruhusu kuijenga, kwa sharti kwamba umeitangaza funksheni kuwa IMMUTABLE, yaani hoja ileile hutoa jibu lilelile siku zote. Seva haihakiki, inakuamini. Mwezi ujao unagundua kwamba Thabiti na Sabiti nao ni mtu mmoja, unaongeza kanuni ya th na s, unapakia maktaba mpya. Faharasa bado ina misimbo ya zamani. Swali linakimbia, halitoi kosa lolote, na mtu hapatikani. Katika kliniki, kutopatikana huko ni faili jipya linalofunguliwa kwa mgonjwa ambaye historia yake ya dawa iko kwenye faili jingine. Kila ukibadilisha kanuni, REINDEX, amri ya kuijenga faharasa upya, ni sehemu ya mabadiliko hayo. Kwenye MySQL safu zinazozalishwa, yaani zile ambazo seva huzihesabu yenyewe, hazikubali funksheni za kupakiwa, hivyo itabidi misimbo uihifadhi katika safu ya kawaida na uihesabu yote upya.

Na namna ya kubadilisha faili? Msinakili juu ya faili lililopo kwa cp. Amri hiyo huandika ndani ya faili lilelile ambalo seva imelitandaza kwenye kumbukumbu yake, na msimbo unabadilika wakati unaendeshwa. Kwenye MySQL tangulizeni DROP FUNCTION, wekeni faili jipya, kisha CREATE FUNCTION. Ukibadilisha faili kwanza, seva inaweza kuzimika. Kwenye PostgreSQL wekeni faili jipya kando kisha mlihamishe kwa mv lichukue jina la zamani. Miunganisho iliyokwisha kuipakia maktaba itaendelea na ile ya zamani hadi ifungwe.

Usalama. Januari 2005 mnyoo, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulienea kwenye seva za MySQL za Windows. Ulikisia nywila dhaifu za root, mtumiaji mkuu wa MySQL, kisha ukatumia mlango huuhuu wa funksheni za kupakiwa kuendesha msimbo wake kwenye mashine. Leo MySQL inataka maktaba itoke kwenye saraka ya plugin_dir pekee, na kwa kawaida inadai iwepo walau alama moja ya ziada kama ile ya _init, ili mtu asiite funksheni yoyote ya mfumo aliyoiona. PostgreSQL inamruhusu mtumiaji mkuu tu kuunda funksheni za C. Kinga hizo zote zinapotea iwapo akaunti ya seva inaweza kuandika katika saraka ya maktaba. Saraka hiyo iwe ya root wa mashine. Seva isome tu.

Kwa moyo wote nawashauri: andikeni sauti_jina kwa PL/pgSQL, lugha ya ndani ya PostgreSQL, kwanza. Lugha hiyo haiwezi kugusa kumbukumbu ya seva, na kwa jedwali la hospitali ya wilaya, likiwa na faharasa, huenda msihitaji zaidi. Pimeni kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha swali linachukua muda gani. C ije pale kipimo kinapoidai.

Jambo la mwisho ni nakala za akiba. pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutengeneza nakala hizo, itaihifadhi sentensi ya CREATE FUNCTION, lakini faili la .so halimo. Seva ya urudufu, yaani ile inayotunza nakala hai ya data, nayo haitumiwi faili hilo. Mtu lazima aliweke mwenyewe. Chukueni mashine tupu, rejesheni nakala yenu humo, kisha mtafuteni Lamadhani.